Mikasi Mezani

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliofika kusimama na familia hii, karatasi hii amekabidhiwa mjukuu wa kwanza wa marehemu aisome, baada ya wajomba zake kumkumbusha kwamba kinywa anacho, tena kikali, ila leo akitumie kwa adabu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la kiwandani, Bi Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa breki. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaishia hapo, kwani nafasi ya kuendelea ilikuwa moja na kaka yake alikuwa mwanamume, jambo ambalo familia imelisimulia miaka yote kana kwamba ni sababu.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha ukataji, ambako somo la kwanza lilikuwa namna ya kumpa mwenzako mkasi: anayetoa hushika makali, anayepokea hupewa vishikio. Tarehe 8 Disemba 1973 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyemtangulia mwaka 2009, na wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Alasiri ya tarehe 9 Agosti 1984, mshonaji mmoja mjamzito aliomba akae dakika tano, msimamizi wa zamu akamwinulia rula yake ya mbao ya mita moja, kama ilivyokuwa desturi yake, Bi Mkasi akaingia katikati, na rula ikampata yeye kwenye sikio la kushoto. Wakataji arobaini waliinuka, kila mmoja na mkasi wake mkononi, wakamzingira msimamizi pale ukutani, na hakuwa na pa kutokea. Damu ikimchuruzika shingoni, Bi Mkasi alisema, “Mikasi mezani,” na alipoona hakuna anayetikisika, akautanguliza wake, vishikio vikimwelekea yule aliyempiga.

Kwa siku kumi na moja walifika kazini kwa wakati, wakaketi, mikono juu ya meza, wasikate hata uzi, hadi meneja akashuka mwenyewe kutoka ghorofani na kutangaza kwamba msimamizi amefukuzwa kazi. Watu walishangilia, isipokuwa Bi Mkasi, aliyesema kwamba akifukuzwa ataondoka na rula yake akawapige wengine kwingine, basi rula iachwe na mtu abaki. Wenzake walinung'unika, wengine wakasema rula imemgonga hadi akili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na tangu siku hiyo rula ile ilipima vitambaa tu. Sikio halikupona, na mumewe alikuwa akitania kwamba ndilo lililookoa ndoa, kwa kuwa maneno yake yote ya kipuuzi aliyapitishia kushoto.

Mjukuu anayesoma hapa hakuwahi kulimeza jambo hilo, kwamba mpigaji alistaafu na masikio yake mawili. Tarehe 21 Mei 2022, katika mdahalo wa chuo, alisimama akasema kwamba anayevumilia kofi humfadhili mpigaji, na mfano alioutoa ulikuwa bibi yake, aliyekuwa ameketi benchi la mbele, sikio la kulia likimwelekea mjukuu. Alishinda, akapigiwa makofi. Walipokuwa wakirudi nyumbani bibi alimwambia, “Umesema vizuri, mama, ila hukuhesabu. Sisi arobaini, yeye mmoja. Aliyekuwa mnyonge mle ndani ni nani?”

Tarehe 2 Juni 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa katika hospitali ya rufaa, na tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya sita, majirani waliopokezana zamu za kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mama aliyeomba dakika tano, pamoja na bintiye aliyekuwa tumboni siku ile. Katika nakala ya kwanza ya karatasi hii palikuwa na jina la msimamizi, limeandikwa kwa herufi kubwa, likisubiri kusomwa mbele yake, maana yuko hapa, benchi la nyuma. Mjukuu amelikata asubuhi hii. Hajasema kwamba pigo lile lilikuwa dogo, wala kwamba hasira imemwisha. Amekumbuka tu kwamba leo waliosimama ni wengi, na yeye mzee ni mmoja. Naye anashukuriwa kwa kufika.

Pumzika kwa amani, Bibi. Mkasi uko mezani.