Limi Makoye, Mkimbiaji wa Mita Mia Nane (1958–2025)

Taarifa rasmi iliyotolewa wiki hii inasema kwamba Bi. Limi Makoye, mwanariadha wa zamani, aliuawa na watu wasiojulikana "akikimbia kuokoa maisha yake". Familia imeipokea taarifa hiyo kwa heshima na inaomba kuongeza machache.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kijijini nje kidogo ya Mwadui. Mbio alifundishwa na mwano, lile yowe linalopigwa ng'ombe wakiibwa, ambalo kila mwanamume hutakiwa kulikimbilia. Wasichana hawakutakiwa. Mara ya kwanza alipowatangulia wanaume, baba yake alimchapa mpaka fimbo ikavunjika. Mara ya pili alimnunulia raba.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973. Miaka minne baadaye akawa mwanamke wa kwanza wa kwao kukimbia mashindano ya taifa. Kwenye kona ya kwanza mshindani alimkanyaga kwa viatu vya misumari, akamchana muundi hadi mfupa ukaonekana.

"Dada, toka, unavuja damu," mwamuzi akamwambia.

"Toka wewe, umesimama kwenye njia yangu."

Alishika nafasi ya pili. Kiatu kilivuliwa kwa mkasi. Baadaye alifundisha michezo shuleni Kahama hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mwaka 1981 aliolewa na Mayala Ngusa, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Ngumi ya kwanza ya Mayala ilimng'oa jino. Ya pili haikumfikia, wala nyingine yoyote, kwa kuwa Mayala, akimfukuza, alikuwa akiishiwa pumzi kwenye nyumba ya tatu. Mwaka 1993 shimo lilimfukia huko Geita. Marehemu alimlilia ipasavyo.

Kuhusu ugonjwa, hakuna la kusema. Akiwa na miaka sitini na saba alikuwa bado anakimbia hadi barabara ya mabasi na kurudi kabla ya chai.

Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, jioni, alikuwa kwa jirani yake Serafina, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mganga mmoja alikuwa ametamka kwamba macho hayo yanaua watoto wa watu. Vijana watatu wakaja na mapanga. Serafina, aliyekuwa ndani, alisikia yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Mnaenda kulima saa hizi?"

"Pisha mlangoni, bibi. Wewe hatuna neno nawe. Kimbia, si unasifika kwa mbio?"

"Nikimbie na nani? Nyie hata mazoezi hamjafanya." Kisha, bila kugeuka: "Serafina, pita nyuma."

Panga la kwanza lilichukua vidole vya mkono wa kushoto. Aling'ang'ania mlango kwa mkono wa kulia, wakimkata, mpaka mwano wa Serafina ukasikika ng'ambo ya shamba la mihogo.

Ameacha watoto wawili, Nelly na Wiliam, wajukuu sita, na Serafina, aliyeketi nasi hapa mbele. Mwenyezi Mungu amjalie pumziko lenye utulivu.

Mwili uliogeshwa na Nelly. Majeraha yote yalikuwa mbele.