Nukta Tatu za Fundi Zephaniah

Jumanne hii, tarehe 30 Septemba 1958, Fundi Zephaniah Mwadime anaweka spana chini baada ya kuitumikia Karakana ya Badawy na Wanawe, hapa Voi, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi saba. Alipoingia, Februari 1927, tulikuwa na winchi moja, jeki mbili na turubai lenye viraka. Leo tunakodisha pampu na winchi mpaka Taveta. Mimi nimekuwa karani hapa miaka kumi na miwili, na kila nikimtazama akifanya kazi bado nashangaa.

Kila mteja wetu anaijua desturi yake. Pampu haitoki langoni mpaka Fundi aiwashe uani, ivute maji kutoka kwenye tangi na kuyarudisha. Wakati huo huo anateleka birika kwenye jiko la makaa. Birika la kwanza likichemka, mteja anapewa chai. La pili, chai tena. La tatu likichemka na pampu haijakohoa, Fundi huchukua kibati kilichofungwa kwenye mpini wa pampu, akakitoboa nukta tatu kwa msumari, na hapo tu mteja huruhusiwa kuipakia. Wengi walinung'unika, na wengine walisema wanakodi pampu, hawakuja arusini. Lakini mimi nimewaona watu wakisafiri kutoka Mraru kuja kutafuta nukta hizo tatu, wakapita mashine nyingine njiani bila kugeuza shingo.

Wakulima aliwafunza kwa upole. Mmoja wa Mahoo aliambiwa aitunze pampu kama mgeni. Ilirudi imeogeshwa kwa sabuni, imefunikwa leso, na mwenyewe akaeleza kwamba usiku ililala ndani na mbuzi wakalala nje. Fundi hakucheka. Alimshukuru, kisha akamwahidi siku mbili za bure atakapokodi tena.

Mwaka 1954 ukaja mtihani. Ng'ambo ya reli alifungua mtu duka la kukodisha mashine kwa nusu ya bei yetu, bila birika wala kungoja. Wateja wakahama. Mimi, kwa ujanja wangu wa vitabuni, nikamshawishi Bwana Badawy anunue pampu sita kuukuu, mabaki ya vita, ili nasi tupunguze bei. Zikaja zimepakwa rangi mpya, zinang'aa. Fundi alizijaribu zote. Hakuna iliyofika birika la pili.

Bwana Badawy alikasirika. "Zephaniah, wewe wanivunjia biashara," alimwambia mbele yetu sote. "Mwisho wa mwezi huu, ama zina alama, ama hatuna kazi nawe." Fundi akajibu kwamba kazi ni ya Bwana lakini alama ni yake, akarudi kwenye jiko lake. Wiki hiyo hiyo akapanda kwao Werugha kumzika kaka yake.

Yuko huko, akaja kontrakta Elijah, aliyekuwa akichimba kisima Kasigau. Alitaka pampu ya kuyapunguza maji wakati mafundi wake wakijenga ukuta wa mawe chini. Pampu zetu nzuri zote zilikuwa nje kwa wateja. Nikamwonyesha mojawapo ya zile sita. Akatazama kibati, akakiona kitupu, akasema bila nukta za Mzee hateremshi watu wake shimoni.

Nilimwambia asubiri. Nikaingia ofisini na kile kibati, nikachukua nyundo na msumari, nikapiga mara tatu. Nilijiambia kwamba namwokolea Fundi kazi yake. Ukweli ni kwamba nilitaka pampu zangu zionekane zina faida.

Faida yenyewe ilikuwa hii. Siku ya pili pampu ilikufa. Lori likaja Voi kuchukua beringi, likarudi kwa ile barabara ya mashimo, na watu kumi na wanne wakakaa siku tatu wakila ugali na kutazamana. Ikatengenezwa, ikafa tena. Mara ya nne ilizimika Makau, mmoja wa mafundi wa Elijah, na mwenzake wakiwa chini. Maji yakapanda, udongo ukalegea, wakavutwa kwa kamba, na Makau alikuwa hajaukanyaga ukingo vizuri ukuta ulipoporomoka nyuma yake. Kazi ya miezi miwili, mawe na saruji, vyote vikafunikwa. Bei ya mashine mbovu hailipwi langoni. Hulipwa huko inakokwenda, na mara nyingi na watu ambao hawakuichagua.

Fundi alirudi kutoka matangani akakuta habari. Alichukua pampu nzuri iliyokuwa imerejea siku hiyo, akachemsha mabirika yake matatu, akapanda lori la Kasigau. Elijah mwenyewe alinisimulia yaliyofuata. Walimzunguka kwa hasira, wakamwonyesha kibati. "Mzee, hizi nukta si zako? Mbona umetufanyia hivi?" Alikigeuza kile kibati mkononi, akakitazama sana. Mtu aliyetoboa vibati miaka ishirini na saba anaijua nyundo yake. Akasema, "Alama ni ya karakana yetu, na mimi ndiye mzee wa karakana. Nipeni watu wawili tushushe pampu."

Alikaa nao siku kumi na tisa, zote akizikata kwenye likizo yake, mpaka kisima kikajaa maji safi. Lakini Voi maneno yalienea: mzee macho yamekwisha, mzee amezeeka. Bwana Badawy alimvua usimamizi wa ghala kwa miezi minane. Wateja waliomwamini tangu ujana wao wakaanza kukagua kazi yake mara mbili. Alivumilia yote, na mimi nikanyamaza, maana mwanangu Lois alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa na niliogopa kufukuzwa.

Alijua. Siku aliporudi kutoka Kasigau aliingia ofisini kwangu, akapitisha kidole kwenye meza yangu, palipokuwa na matundu matatu madogo. "Gibson," akasema, "ukitoboa bati, weka gogo chini. Utaiharibu meza ya watu." Akatoka. Hajalitaja tena mpaka leo.

Duka la ng'ambo ya reli lilifungwa zamani, na zile pampu sita ziliuzwa kama vyuma chakavu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka minne, nami nimechoka kuitembea. Jumatatu iliyopita nilimweleza Bwana Badawy. Akasema, "Liandike humo humo kwenye wasifu wake, watu walisome."

Basi lisomeni, ninyi wa karakana, nawe Elijah, na ninyi nyote mliotoka Kasigau kuja kumuaga. Nukta zile nilizipiga mimi.

Mzee Zephaniah, asante kwa kazi, na asante kwa kunibeba. Nenda salama Werugha kwa mkeo, Mama Wakesho, mle mema ya shamba lenu miaka mingi. Katika maisha yako yote ya kazi hukuwahi kutia alama kwenye mashine mbovu, na kuanzia leo hakuna mtu Voi atakayesema vingine.

Gibson Mwakima, Karani