Mwezi Mmoja India na Bajeti Isiyokuwa na Maziwa

Bwana asifiwe! Nimesema asifiwe, na nyinyi mlioketi huko nyuma karibu na mlango mtoe sauti pia, kwa sababu leo sitaki amina za baridi. Asifiwe! Haya, sasa nimesikia.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Chebet wa hapa Kimulot, mkulima wa majani chai na mwenye ng'ombe watatu, na nimekuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa hili kwa miaka tisa. Kwa hivyo mtu asiniambie sijui hesabu. Shida yangu ilianzia hapo, ndugu zangu. Nilijiona najua hesabu kuliko kila mtu.

Mwaka jana mume wangu, Baba Chebet, huyu mnayemwona ameketi hapa mbele, aligonjeka moyo. Mtu aliyekuwa anabeba gunia la majani mpaka kituo cha kupimia bila kupumzika, akaanza kupumzika mara tatu akirudi na gunia tupu. Miguu ikavimba. Usiku alilala ameketi. Daktari akatuambia valvu moja ya moyo imeharibika, inatakiwa kubadilishwa, na kuna hospitali India inayofanya hiyo kazi. Lakini akatuonya: mtakaa mwezi mzima. Siku kama kumi wodini, halafu siku zinazobaki mkae chumba cha kukodi karibu na hospitali, mpaka daktari wa huko aseme mgonjwa sasa anaweza kupanda ndege.

Nyinyi mliitikia, Mungu awabariki. Kamati ya harambee ikaundwa na Mwalimu Koech akawa mwenyekiti. Akaniambia, "Mama Chebet, wewe ndiye mtu wa hesabu. Tuandikie bajeti ya huo mwezi." Nikakaa mezani na daftari, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu. Nikaandika operesheni. Nikaandika tiketi, visa, chumba, dawa. Nikafika kwa chakula: unga tutabeba, majani tutabeba, mchele, sukari na mafuta ya kupikia tutanunua huko. Nikapiga mstari mwekundu chini, nikaandika jumla. Ilikuwa safi! Hata Mwalimu alisema hajawahi kuona bajeti safi kama hiyo.

Ndugu zangu, sikieni kosa langu. Maziwa sikuandika. Mboga sikuandika. Maji ya kunywa, gesi, hata kitunguu! Na sio kwamba nilisahau, haikunijia akilini kabisa. Tangu nizaliwe mimi sijawahi kununua maziwa. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe, si ndio? Sukuma wiki iko nyuma ya jikoni, kuni tunakata kwa miti yetu, na maji mvua inatujazia tangi. Nani hapa ananunua maji? Nilienda kupanga mwezi wa India nikapanga mwezi wa Kimulot.

Siku ya harambee mlitoa mpaka nikalia. Mwalimu akahesabu, ikapita ile jumla yangu kidogo. Akaniuliza kwa maikrofoni, "Mama, imetosha kila kitu? Sema sasa watu wakiwa hapa." Ndani yangu kitu kikaniambia, omba siku mbili uangalie tena. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimesikia mtu nyuma ya hema, sitamtaja, akisema, "Hawa watu wa chai, bonasi ya kiwanda wanakula peke yao, ugonjwa wanatuletea sisi wote." Woi! Nikawaka. Nyinyi mnajua hasira yangu. Nikamnyang'anya Mwalimu maikrofoni na kusema, "Imetosha! Imetosha na kubaki!" Mkapiga makofi. Mimi nikakaa chini nikijisikia mkubwa.

Tukaenda. Kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, nilichobeba kwa mkoba walinikataza kupanda nacho ndege, nikakiacha hapo uwanjani nikiwa na uchungu kama mtu ameacha mtoto. Lakini operesheni ilienda vizuri. Baba Chebet alipofungua macho na kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, nilijua Mungu ametenda. Haleluya!

Siku ya kumi na moja tukatoka wodini, tukaingia chumba chetu kwenye nyumba ya wageni. Jiko ni moja, wagonjwa wote na watu wao wanapika hapo. Na hapo ndipo ile bajeti yangu ilianza kunionyesha meno. Maji ya kunywa ni ya kununua kwa mtungi. Gesi unalipa kila wiki. Daktari anataka mgonjwa ale mayai, samaki, mboga na matunda. Na maziwa! Baba Chebet mnamjua kwa chai. Asubuhi, saa nne, baada ya chakula, jioni. Ukimpa chai ya rangi anaona umemtukana. Nilikuwa nanunua pakiti za maziwa kama mtu ana makao ya watoto nyumbani, na kila pakiti ikinitoka mkononi nilikuwa nasikia roho ikikatika.

Siku ya kumi na tatu nikahesabu. Nikahesabu tena na kalamu nyekundu. Pesa zilikuwa zinaisha siku ya ishirini. Daktari alikuwa amesema thelathini.

Sasa, mtu mwenye akili angefanya nini? Angepiga simu nyumbani. Lakini ningeambia nini watu niliowaambia imetosha na kubaki? Huyo wa nyuma ya hema angefurahi namna gani? Nikaona heri nife. Basi nikaanza kutokula. Nampikia mzee, anakula, mimi nakunywa maji ya moto. Akiniuliza namwambia nafunga. Nafunga kwa ajili yako, uponyaji ukamilike. Akaniangalia kwa macho ya upendo, akasema Mungu alimpa mke mwombaji. Ndugu zangu, nimeshuhudia hapa mara nyingi juu ya kufunga. Leo natubu mbele yenu. Kule India sikuwa nafunga. Nilikuwa na njaa na kiburi, na jina la Mungu nikalifanya pazia.

Na haikuishia hapo. Ajenti wa tiketi alikuwa amesema siku ya ndege inaweza kusogezwa kwa ada ndogo. Siku ya kumi na tano nikampigia. Akaniambia kuna nafasi mbili siku ya kumi na saba. Nikasema nipe mpaka kesho. Na jioni hiyo nikapanga maneno ya kumwambia mume wangu: daktari ameridhika, ameturuhusu kwenda. Daktari hakuwa ameruhusu kitu! Mimi, mweka hazina wa akina mama, nilipanga kumdanganya mgonjwa mwenye mshono mbichi kifuani, ili tu nisionekane nimekosea hesabu.

Hapa ndipo Mungu alinitumia mtu. Katika ile nyumba kulikuwa na mama mwingine kutoka Kenya, Mama Moraa, wa upande wa Nyamira, anauza nyanya na ndizi soko la Chepilat. Alikuwa ameleta binti yake kutibiwa mguu. Na nyinyi mnajua vile sisi huongea juu ya kabila la ng'ambo ya mpaka wa kaunti, na wao vile huongea juu yetu. Kwa siku hizo zote nilikuwa nampa salamu ya mlangoni tu, napita. Wacha niseme ukweli wote, maana nimeshaanza.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita nilikuwa jikoni namchemshia mzee maziwa. Akaja akasimama kando yangu na sufuria yake, na siku hizo alikuwa ameniona napika sahani ya mtu mmoja tu. Akaniuliza, "Mama, unafunga mpaka lini?"

Mtu anayefunga anajua anafungua lini, lakini mimi sikuwa na siku.

Akasema polepole, bila kunicheka, "Hata mimi nilifunga hivyo wiki yangu ya kwanza hapa. Mpaka nilipoanguka pale kwa ngazi ndio nikafungua. Nenda ulete hizo pesa zimebaki tuhesabu."

Ndugu zangu, nilitaka kumjibu vibaya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka! Badala ya maneno yakatoka machozi. Nililia mpaka maziwa yakafurika yakazima gesi. Mama Moraa akapangusa jiko, akanikalisha, akanipa uji wake, na mimi, mtu wa Kimulot, nikala uji wa mtu wa Chepilat kama sijawahi kuona uji.

Nikaleta pesa na daftari. Akasoma ile bajeti yangu safi akashika kiuno. "Kwani maziwa mlikuwa mkamue nani?" Nikacheka nikilia. Akaniambia, "Mimi hununua kila kitu, hata maji ya kuosha nyanya. Wewe huwezi kujua. Hujawahi kufundishwa." Tukaandika upya, siku kwa siku. Tukaunganisha sufuria, gesi ikawa ya kugawana. Kuanzia kesho yake akawa ananipeleka soko la jumla alfajiri, pale mboga inauzwa nusu ya bei ya duka la hospitali. Huyo mama hajui lugha ya pale hata neno moja, lakini alivyokuwa anavutana bei kwa vidole, wauzaji walikuwa wanamkimbilia!

Hata hivyo, asubuhi ile kwa daftari hesabu ilipungua siku sita. Akafunga daftari akasema, "Hizi sita siwezi kukusaidia. Hizi ni za kusema nyumbani. Na hiyo tiketi unapiga simu sasa hivi nikisikia, uiache vile ilivyokuwa."

Nikapiga. Halafu nikarekodi ujumbe wa sauti kwa akina mama na kwa Mwalimu Koech. Nilisema tu, ndugu zangu, niliwadanganya, haikutosha, nimekosea. Nikazima simu nikaificha chini ya godoro. Nilipoiwasha mchana, Mwalimu alikuwa amenijibu maneno machache: "Mama Chebet, kwani sisi ni wageni wako?" Na akina mama mlikuwa mmeshapatana kupeleka kuuza maziwa yenu ya asubuhi ya siku tatu, pesa zije India. Hakuna aliyenisimanga. Na yule niliyemsikia nyuma ya hema, nilikuja kuambiwa alipeleka ya siku tano. Mungu anisamehe vile nilikuwa nimemweka moyoni.

Sasa sikieni ya siku ya kumi na tisa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Baba Chebet alikuwa anakunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema kifua kimekuwa kizito. Nikamwangalia, midomo imebadilika rangi. Nikapiga kelele. Mama Moraa akakimbia akarudi na kiti cha magurudumu cha binti yake, tukavuka barabara tukisukuma, magari yanatupigia honi. Dakika chache tukawa ndani. Daktari akasema maji yamejaa kuzunguka moyo, yanaubana usipige. Wakayatoa hapo hapo. Baadaye akaniambia hiyo hutokea kwa wengine wiki ya pili au ya tatu, na ndiyo maana huwa anakataza watu kuondoka mapema. Akasema, "Mngekuwa mbali, tungempoteza."

Nikatoka nje, nikakaa chini. Siku ya kumi na tisa, kwa ile tiketi niliyotaka, tungekuwa hapa Kimulot. Mwalimu aliniambia siku hiyo mvua ilinyesha hapa mpaka lori la majani likakwama kwa matope. Nani angemtoa mume wangu? Tungemfikisha wapi? Mngekuwa mmekuja kumzika, na mimi ningesimama hapa kwa nguo nyeusi nikiwaambia Mungu alimpenda zaidi, na ukweli niujue peke yangu mpaka kufa.

Lakini Yesu akasema hapana! Akanitoa kwa kiburi kupitia mama wa Chepilat mwenye sufuria ya uji. Naye Moraa, yule binti yake, anatembea sasa, utukufu kwa Mungu.

Ndugu zangu, kama uko hapa leo na umeulizwa ukasema imetosha na unajua haijatosha, iwe ni pesa, iwe ni ndoa, iwe ni afya yako, usitoke kwa huu mlango hivyo. Mwambie Mungu, na umwambie mtu mmoja. Mwamini Mungu, hatakuaibisha. Mimi ni shahidi.

Na wewe Baba Chebet. Hayo ya tiketi hukuwa unajua. Ulidhani nilikuwa nafunga. Nimeshindwa kukuambia kwa nyumba mwaka mzima, nimeona nikuambie hapa mbele ya Mungu na watu, ili nisirudi nyuma. Nisamehe.

Mnamwona? Anacheka! Ndugu zangu, anacheka mpaka mabega yanatingika, na moyo unapiga. Wacheni acheke. Bwana, asante. Asante, asante, asante.