Cherehani Nimempa Mkwe Wangu

Sogeeni wanangu, acheni kunong'ona mlangoni kama wapangaji wapya, maana leo nina furaha mpaka pumzi inanikatika na sitaki mniharibie kwa machozi. Tazameni hili blanketi la viraka. Nilipoanza kulishona, miraba ilikuwa inakwenda upande, kona hazikutani hata kwa kubembelezwa, nikaona haya nikaifungia kabatini. Ndipo huyu mkwe wangu alipokuja kunipakia rangi jikoni, akanikuta naigombeza cherehani. Akaniuliza, "Mama, hivi vipande umevikata kwa kipimo gani?" Nikamwambia, "Kwa macho, na macho yenyewe ndiyo haya." Tukacheka mpaka rangi ikamwagika. Akakata kadibodi iwe kipimo chetu, na tangu siku hiyo kila akitoka kazini yeye anakata, mimi nashona, yeye anapiga pasi. Tukikosea tunafumua, mraba ukinyooka tunaubandika ukutani na kuutazama kama mtoto aliyeanza kutembea.

Basi shikeni neno langu. Nyumba ni yenu nyote, asiuze mtu. Vyombo agawe binti yangu. Cherehani ni ya mkwe wangu, na wewe mwanangu wa kwanza usinune, wewe ungeipeleka sokoni kabla udongo wa kaburi langu haujakauka. Umemdharau huyu tangu amwoe dada yako, eti ni fundi rangi tu, hata mkono humpi. Mimi nimekaa naye chumba kimoja, nikamjua.

Zimebaki nusu mbili za blanketi kuunganishwa, na nataka kuona kwa macho yangu. Mkwe wangu, kaa kwenye cherehani. Wewe mwanangu, simama ng'ambo uishike nguo isiburuzike, ni nzito kwa mtu mmoja. Usinitazame mimi, tazama mshono. Hivyo. Mvutie kidogo... hivyo hivyo. Unasemaje? Paza sauti, masikio yangu yanaondoka.

"Taratibu hapo kwenye kona, shemeji."

Mmemsikia? Binti yangu, umemsikia kaka yako? Ee Mungu, nimeshiba. Mungu awape... awape mikono isiyochokana, na nyumba yenye kelele. Nifunikeni hilo likiisha, kisha mlale nalo wenyewe, msinizike nalo. Mbona mmesimama? Shoneni. Kona imekutana... naiona. Shoneni tu, wanangu, mimi nasikiliza.