Namba Ngeni

Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa nusu tupu, na muuguzi mmoja aliyekuwamo hakuhitaji hata kutega sikio. Abiria wawili wa kiti cha mbele yake, mwanamume dereva wa malori na mama fundi cherehani, walikuwa wameshashikana mashati kwa maneno.

"Nikivuka mpaka tu, nanunua laini ya huko," alisema dereva. "Hii ya nyumbani inafyonza salio kama kupe."

"Na mkeo anakujuaje? Mie namba ngeni sipokei, ng'o! Matapeli wamejaa."

"Nabipu mara mbili, nakata. Ya tatu anapokea."

"Na tapeli naye akibipu mara mbili?"

"Basi ataitwa baba watoto, aulizwe kama amekula."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, ila hakukubali. Laini yake habadilishi, hata imfilisi.

Muuguzi hakucheka. Mumewe alisafiri jana, na asubuhi namba ya nje ilikuwa imemwandikia, "Ni mimi, pokea." Yeye akaijibu, "Mwizi mkubwa, kamtapeli mama yako."

Basi liliposimama, namba ileile ikaita. Muuguzi akapokea, akailainisha sauti.

"Baba watoto, umekula?"