Wilbroad Tluway na Sindano Mbili za Moyo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake Natalia, niwasomee maisha ya kaka yetu Wilbroad Tluway, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Kindness.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Dareda, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na akiwa darasa la nne alidungwa penisilini kwa ajili ya kidonda cha mguu, akavimba uso hadi macho yakafumba, na tangu hapo dawa hiyo ikawa marufuku kwake. Baada ya sekondari alisomea mambo ya dawa, na mwaka 1991 akaajiriwa hapa Babati kutoa dawa dirishani, ambako alimwuliza kila mgonjwa anameza dawa gani nyingine nyumbani, hata foleni ikinung'unika.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Brigita, wakajaliwa mtoto mmoja, Kindness, anayefanya kazi Mwanza. Brigita alifariki Juni 2015, Wilbroad akabaki peke yake katika nyumba yao ya Maisaka.

Februari 2020 alishikwa na homa isiyokatika, akapelekwa hospitali ya rufaa, ikaonekana vijidudu vimeshambulia vali ya moyo. Kwa kuwa penisilini haikuwezekana, daktari alimweleza kwamba zimebaki vankomaisini na jentamaisini, ambazo zikidungwa pamoja huua vijidudu vinavyoishinda moja peke yake, lakini pamoja pia huzidishiana madhara kwenye figo na masikio. Kindness alilia, akaomba itafutwe njia nyingine. Marehemu, aliyezijua dawa hizo kuliko sisi sote, alimwambia, "Mwanangu, nikifa na masikio mazima, nitakusikia wapi?"

Damu yake ilipimwa mara kwa mara, dozi ikapunguzwa figo zilipoanza kulemewa, na wiki ya sita moyo ukapona, ila sauti ya mwisho aliyokumbuka kuisikia vizuri ilikuwa ya toroli la chakula likisukumwa wodini.

Dirishani hakurudi, maana hakuweza tena kusikia majibu ya wagonjwa, akapangiwa stoo hadi alipostaafu mwaka 2021. Nyumbani aliweka daftari mezani ili wageni wamwandikie, na mwaka wa kwanza yalijaa manne, mwaka wa tatu moja halikufika nusu, kwa sababu kuandika kunachosha, na sisi ndugu zake tulikuwa miongoni mwa waliochoka. Wapo waliomwamkia shikamoo njiani, akapita kimya, wakasema anajivuna. Tunaomba mjue leo kwamba hakuwasikia.

Figo hazikurudi sawasawa, na mwaka jana zilishindwa kabisa. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa tisa alasiri, Kindness akiwa ndani ya basi, amefika Singida.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomweleza ukweli kabla ya kumdunga, wafanyakazi wenzake, na majirani wote wa Maisaka. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Shaaban, fundi pikipiki, ambaye kila jioni alifunga kazi, akaja kuketi naye kwenye benchi mpaka giza liingie, bila kuandika neno lolote. Shaaban, sisi tulikuwa ndugu zake, lakini wewe ndiye uliyekaa.

Baba Kindness, kaka yetu, pumzika sasa kwa amani.