Munguti Kisilu, Mwandishi wa Tenisi ya Kajiado

Mzee Julius Munguti alizaliwa tarehe 3 Mei 1949 huko Machakos, mtoto wa tatu wa marehemu Kisilu na Mbeke. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968, na mwaka 1974 akaajiriwa na gazeti moja la Nairobi kuandika habari za michezo. Alifunga ndoa na Nzilani tarehe 11 Desemba 1976. Mwaka 1991 wakahamia Kitengela.

Uwanja wa tenisi haukuwepo. Munguti aliomba kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, akasawazisha udongo mwekundu wa murram pamoja na majirani na kuchora mistari kwa chokaa. Mwaka 1993 alianzisha mashindano ya wachezaji wa ridhaa wa Kitengela, Kisaju, Mashuuru na Kajiado. Walicheza walimu, wafugaji na vibarua wa viwandani, na kila Jumatatu majina yao yalikuwa gazetini.

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 1997, Naipanoi, msichana wa Mashuuru, alishinda fainali mjini Kajiado. Gazeti likatoka na jina la aliyeshindwa kana kwamba ndiye mshindi. Munguti mwenyewe ndiye aliyechanganya majina akisoma matokeo kwa simu. Baba yake Naipanoi, Mzee Lesiamon, aliposomewa habari hiyo aliona binti amemdanganya, akamkataza kucheza tena. Munguti alipopata habari hakungoja sahihisho lichapishwe. Alifunga safari siku hiyohiyo hadi bomani kwa mzee.

"Mtoto wako hakudanganya," alimwambia. "Mimi ndiye nilikosea."

"Gazeti inaweza kosea," akasema Mzee Lesiamon. "Lakini mwenye kuandika kukuja mpaka kwangu, hiyo sijaona."

Akamwita binti yake na kumruhusu arudi uwanjani. Leo Naipanoi ni mwalimu, na wengi waliobeba jeneza hili ni wanafunzi wake wa tenisi.

Kisukari kilimpata Munguti mwaka 2001, na kufikia 2005 kilikuwa kimemnyang'anya macho. Bado alikwenda uwanjani kila Jumamosi, Nzilani akimweleza mchezo, naye akimwambia binti yake Kalunde la kuandika. Alifariki nyumbani asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2008.

Ameacha mjane, Nzilani. Watoto, Mulwa na Kalunde. Na wajukuu watatu. Familia inawashukuru wote mliomuuguza na mliocheza naye. Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.